Sauti Iliyoungua Kambini kwa Xavery

Mzinga mpya hautundikwi hivi hivi. Kwanza unachomwa ndani. Unawasha moto mdogo wa nyasi na magome makavu, unauinamisha mdomo wa mzinga juu yake, moshi unapita, ukuta wa ndani unababuka, harufu ya ugeni inatoka. Kisha unapaka nta iliyoyeyushwa, na hapo ndipo nyuki wanapoona kwamba hii ni nyumba. Xavery alifundishwa hivyo na Mzee Doto, Mnyamwezi wa kule Ulyankulu aliyekuwa na mizinga yake kando ya ile njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo siku hizi wanapita wenye baiskeli na ng'ombe tu. Na Mzee Doto alikuwa mkali kwa jambo moja. Chochote utakachokikuta ndani ya kitu unachotaka kukifanya mzinga, kitoe, kitupe motoni, kiungue hapohapo mbele yako. Nyuki hawakai na mabaki ya mwenzao, wala ya mtu.

Nimeanza na hilo kwa sababu msipolijua mtamwona Xavery mjinga, na si mjinga hata kidogo. Nimepita kwake miaka mingi nikishona viatu vya watu vijijini, nimelala kwake, nimekula asali yake. Ni mtu wa kuangalia kitu mara mbili kabla hajakigusa.

Alifika Ulyankulu mgongoni mwa mama yake mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wanakimbia Burundi. Baba yake alibaki nyuma. Alisema anamalizia jambo la ng'ombe, atawafuata. Hakufuata. Basi mama yake, Levina, akawa kila mgeni mpya akifika makambini anampelekea maji ya kunywa, anakaa mbele yake, anamwacha anywe kwanza, halafu anauliza kama amemwona mtu wa namna fulani, mrefu, mwenye kovu kwenye nyusi. Miaka ikaenda. Siku moja mgeni mmoja akasema ndiyo, alimwona, alikufa kwa homa, usingizini, hakuteseka. Mama akamshukuru, akampikia, akamsindikiza. Aliporudi akamwambia mwanawe, "Huyu ametuonea huruma." Hakuuliza tena mgeni yeyote. Alikufa bila kujua, na Xavery mwenyewe husema kwamba alichokiona kibaya kilikuwa zile siku za baada ya huruma ya yule mgeni, mama amekaa na ndoo ya maji imejaa na hana wa kumpelekea.

Sasa hiki chombo.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, miti ya porini imetoa maua, na Xavery alikuwa peke yake kwenye kambi yake ya kurina asali, mbali, simu haishiki. Asubuhi akasikia mshindo juu, anasema ni kama lori limebeba mapipa matupu likapinduka mawinguni. Akatazama, akaona mstari mweupe umekatika vipande vipande na vitu vinametameta vinashuka upande wa msituni. Nyuki wote walitoka mizingani, wakazunguka, wakarudi. Alidhani ni ndege imeanguka.

Alianza kutafuta watu. Hilo nataka lieleweke. Alitembea katika ule msitu akiita, siku ile na iliyofuata, akidhani labda kuna mtu amelala mahali amevunjika mguu. Hakuna aliyeitika. Alichokikuta, kwenye nyasi zilizoungua duara, ni sanduku la chuma lenye rangi ya chungwa lililobabuka na kupinda. Akapiga ishara ya msalaba, akatafuta tena pale jirani, hakuna nguo, hakuna damu, hakuna mtu. Akalifunga sanduku kwenye baiskeli akaenda nalo kambini.

Kifuniko chake kilikuwa kimeshalegea. Ndani mlikuwa na kitu kama chungu, chuma kinene ajabu, ukubwa wa ndoo ya kuchotea maji, nacho kimeatuka kwenye maungio. Akakigonga kwa shoka na patasi hadi kikafunguka. Kilikuwa kimeshindiliwa kitu cheupe, kikavu, kama chokaa. Akakichokoa. Katikati kabisa akakuta vibao vidogo vya kijani vyenye madoa ya fedha, mfano wa vilivyomo ndani ya redio. Xavery anazijua redio. Redio ikishaanguka kwenye jiwe, vibao vile havina kazi tena, watoto huvifanya shanga. Na hii ilikuwa imeanguka kutoka mawinguni.

Akakitazama kile chungu. Kizito, hakipitishi mvua, mdomo wa kutosha. Ukikivika magome kisishike jua, ukakiweka penye panda la mti, ni mtego mzuri wa kukamatia kundi la nyuki, ukishalipata unalihamishia kwenye mzinga mkubwa. Basi akafanya kama alivyofundishwa. Kilichokuwa ndani akakitupa motoni, kikaungua hapohapo mbele yake. Akachoma ukuta wa ndani, akapaka nta, akatengeneza kifuniko cha gogo chenye tundu. Lile sanduku la nje akaliwekea viazi, panya wasivifikie. Haikuchukua muda, kundi likaingia. Alifurahi. Alikaa, akamaliza kurina, mvua ya kwanza ikanyesha, akapakia madumu yake ya asali akarudi nyumbani.

Kijijini akakuta uwanja wa mpira umejaa magari na mahema. Mke wake, Advera, yuko jikoni na wanawake wengine, wanawapikia wageni. Akamweleza akiwa anasonga ugali. Kwamba kile kilichopasuka angani kilikuwa chombo cha kwenda anga za juu, kilikuwa kinarudi duniani na watu wawili ndani yake, wakafa. Kwamba wachunguzi wamekuja, wa serikali na wa huko chombo kilikotoka, wanaokota vipande hadi vya ukubwa wa kucha. Na kwamba kuna mzee amekuja nao, amekaa pale nje kwenye kigoda.

Mzee mwenyewe alikuwa mzungu, mrefu, amevaa kofia ya mfumaji wa Kanyenye ambayo Majidi alimnunulia. Majidi huyu ni mfanyabiashara wa asali wa hukohuko Kanyenye, Tabora mjini, ndiye anayenunua asali ya Xavery miaka yote. Alifanya kazi zamani na wawindaji wa kigeni kule Ugalla, Kiingereza akakiokotea huko, na safari hii walimchukua awe mkalimani. Ni mtu wa maneno. Alipomwona Xavery akamwuliza kama anatoka porini au ndiyo kwanza anahamia huko, maana nguo zilikuwa bado hazijaamua.

Xavery akamwamkia mzee shikamoo. Mzee akajibu, "Shikamoo." Watoto wakacheka. Advera akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia, kama anavyomwambia kila siku, "Marahaba, Baba Marit. Wewe unasema marahaba."

Ni yeye Advera aliyempa jina hilo. Jina la mzee lenyewe lilikuwa gumu, na mtu mzima haitwi jina lake tu, basi Advera alimuuliza kupitia kwa Majidi kama ana mtoto, mzee akasema alikuwa naye mmoja, Marit, na alikuwa ndani ya chombo. Advera akasema, basi wewe ni Baba Marit. Majidi anasema alipomtafsiria, mzee alimwomba arudie.

Jioni ile, jua bado liko juu ya miti, Xavery akaelezwa habari yote. Marit ndiye aliyekuwa anakiongoza chombo. Kampuni yenye chombo ilikuwa imeshasema kwenye magazeti ya kwao kwamba kosa ni lake, aligusa kitu asichopaswa kugusa, mapema mno. Baba yake hakubali. Anasema mtoto wake alikuwa mtu wa kurudia rudia jambo hadi unachoka naye. Lakini anachosema baba hakina uzito. Chenye uzito ni kinasa kumbukumbu, kisanduku kinachoandika kila kinachotokea ndani ya chombo na kuhifadhi sauti za waliomo hadi dakika ya mwisho. Kikipatikana, itajulikana aligusa nini, na kwa nini, na sauti yake itasikika. Kisipopatikana, jina lake litabaki hivyo hivyo lilivyo magazetini.

Majidi akatoa picha mfukoni. Sanduku la rangi ya chungwa.

"Hili ninalo," Xavery akasema.

Advera akamtazama. "Usicheze na mzee wa watu."

"Sichezi. Liko kambini. Nimelitia viazi."

Kwa namna alivyonisimulia, sijui kama katika maisha yake amewahi kufurahi vile. Hakumfikiria tena mama yake kwa huzuni, alimfikiria kama mtu anayetaka kumwambia jambo. Alijiona yeye ndiye yule mgeni aliyekunywa maji akasema ndiyo, nimemwona, na safari hii ni kweli. Kile chungu hakikumjia kichwani. Kwenye picha kulikuwa na sanduku, na sanduku alikuwa nalo.

Asubuhi wakaenda kwa gari hadi gari liliposhindwa, kisha kwa miguu kwenye ile njia ya misafara. Walikuwa Xavery, Majidi, Baba Marit, na mkuu wa wachunguzi, mama mmoja mwenye nywele fupi ambaye hakuwa mwongeaji. Majidi njia nzima anamtania Xavery, kwamba sasa atapigwa picha na mataifa yote yataona anachana nywele kwa vidole. Baba Marit alikuwa anatembea mbele ya wote, wala njia haijui.

Kambini Xavery akavimwaga viazi, akalifuta sanduku kwa shati lake, akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akalipokea hivyo hivyo kwa mikono miwili, akampa yule mama. Mama akaliinamia. Akatia mkono ndani, akaupapasa ule ubavu ambapo chungu kilikuwa kimekaa, akautoa. Akauliza jambo.

Majidi akasema, "Anauliza kile cha ndani kiko wapi."

Xavery bado anatabasamu. Akanyoosha kidole juu, kwenye panda la mti. "Si kile pale. Kimeshapata wenyewe."

Nyuki walikuwa wanatoka na kuingia. Yule mama akakitazama kwa muda, akauliza tena, sasa polepole. Majidi akatafsiri: na ndani ya chungu, palikuwa na nini, na hicho kiko wapi. Xavery akaanza kueleza ile chokaa, vile vibao vya kijani, na alipokuwa anaeleza, anasema, maneno yakawa yanatoka mbele na yeye anayafuata nyuma, na alipofika kwenye moto akawa ameshaelewa. Akaonyesha majivu.

"Nilivichoma," akasema. "Ndivyo tunavyofanya."

Majidi hakutafsiri. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Majidi, waambie."

"Nawaambiaje mimi?"

"Kama nilivyosema."

Akawaambia. Yule mama akafumba macho, akayafumbua, akaomba chekecheke. Hawakuwa na chekecheke. Xavery akakimbia kwenye kibanda akaleta chujio la asali, wakaanza kuchuja majivu kwa hilo. Mvua ilikuwa imeshayapiga, yamekuwa tope, na juu yake Xavery alikuwa amepikia kila siku, ugali na viazi na chai, moto juu ya moto. Baba Marit akapiga magoti, akawa anayavunja mabonge kwa vidole. Yule mama alikuja kupata kitu kama kucha ya dole gumba, cheusi, kimeyeyuka upande mmoja kikashikana na mchanga. Akakigeuza kwenye mwanga, akakitia kwenye mfuko mdogo, akaandika kitu juu ya mfuko. Majidi akamwuliza kwa Kiingereza kama kinafaa. Mama akatikisa kichwa.

Baadaye Majidi alimweleza Xavery kile alichosema yule mama njiani. Kwamba vibao vile vilikuwa vimeupita moto wa angani vikiwa salama, maana ile chokaa na kile chuma kinene vilikuwa vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hakuna aliyefikiria kutengeneza kinga dhidi ya mtu atakayevitoa ndani.

Walipokuwa wanafungasha, Baba Marit alibaki kwenye majivu. Akamwita Majidi, akasema naye kwa sauti ndogo. Majidi akamwangalia Xavery kama mtu anayeomba asitumwe.

"Anauliza. Wakati kinaungua, ulisikia chochote? Sauti yoyote?"

Hapa ndipo ninapomwonea huruma Xavery kuliko mahali pengine pote. Alikuwa na neno tayari mdomoni. Anasema lilikuja lenyewe. Angeweza kusema ndiyo, mzee, nilisikia kama mtu anayeita polepole, sikuelewa lugha, lakini hakuwa na hofu. Nani angempinga? Na mzee alikuwa amemkazia macho vile, mikono imejaa masizi, anangoja kama mtu anayengoja mgeni amalize maji ya kwenye kikombe. Xavery akamkumbuka yule mgeni wa mama yake, akaikumbuka ile ndoo.

"Hapana, Baba Marit," akasema. "Sikusikia kitu. Kilitoa moshi mweusi kidogo, na harufu. Basi."

Majidi akatafsiri neno kwa neno. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena. Akasema asante kwa Kiswahili, na hiyo alikuwa ameijua vizuri.

Chungu nacho ilibidi kiondoke, ni sehemu ya uchunguzi. Wale wageni walitaka kuwapulizia nyuki dawa. Xavery akaomba awahamishe, ndilo jambo pekee aliloliomba. Akaleta mzinga wa gogo aliokuwa ameuandaa, akafukiza moshi, akayakata masega machanga, akayafunga kwa kamba za magome ndani ya ule mwingine. Aliwaambia wakae mbali. Baba Marit hakukaa mbali. Aliumwa sikioni na mkononi na hakujikuna. Xavery akautundika mzinga mpya kwenye mti uleule, na mzee akagusa shina lake, wakaondoka.

Hakuna aliyemgombeza Xavery. Hakuitwa polisi, mwenyekiti wa kijiji hakumwambia kitu. Ile ikawa mbaya zaidi, kwa sababu mtu akigombezwa ana pa kujibu. Vilabuni walimtania kwa muda, wakimwita fundi redio, kisha nako wakaacha. Advera alimwambia kwamba hakujua, na kutojua si dhambi, na padri alimwambia hivyo hivyo. Alikubali yote mawili. Aliendelea kwenda kambini, na kila akienda alikuwa anapekua yale majivu kwa kijiti. Nilimkuta akifanya hivyo. Nilimwuliza anatafuta nini, maana wale wachunguzi walishachukua kilichokuwepo. Akasema hatafuti.

Baada ya mwaka hivi taarifa ikatoka huko kwao. Majidi aliisoma kwenye simu akamwita Xavery aje Kanyenye, hakutaka kumwambia kwa kupiga simu. Walikaa nyuma ya duka, katikati ya madumu. Taarifa ilisema chanzo cha ajali hakikuweza kuthibitishwa kwa kukosekana kwa kinasa kumbukumbu. Ilisema huenda ni kosa la mwongozaji na huenda si kosa lake. Jina la Xavery halikuwemo, wala la Ulyankulu, iliandikwa tu kwamba kinasa kiliharibika baada ya kuanguka.

"Huenda," Xavery akasema.

"Ndiyo waliloandika."

"Na yeye mzee amesema nini?"

Majidi akasema mzee ameandika ujumbe, hausemi habari ya taarifa. Anawasalimu, anamsalimu Advera, anasema marahaba kwa watoto. Halafu anauliza wale nyuki wanaendeleaje katika mzinga wao mpya.

Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kununua uzi wa viatu kwa jirani yake Majidi, ndiyo maana naweza kuyaandika haya. Xavery alikuwa ametoka kambini wiki ileile na mzinga aliuona. Ulikuwa mtupu. Masega yamekauka, nondo wameanza kuyala, tundu limezibwa na utando wa buibui. Nyuki wakihamishwa kwa nguvu mara nyingine hukaa, mara nyingine wanaamka siku moja wote kwa pamoja na hakuna awezaye kuwafuata.

Majidi alikuwa ameshika simu, kidole tayari. Akasema kwa upole, si kwa utani, "Mtani, ni nyuki tu. Niandike wazima, roho yake itulie. Mzee kama yule atakuja huku lini tena?"

"Andika wameondoka."

"Xavery."

"Andika wameondoka, na mimi sijui walikwenda upande gani. Mwambie nimetafuta."

Majidi akaandika. Akamsomea kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akamwuliza kama aongeze neno. Xavery akafikiri, akasema asiongeze. Ujumbe ukaenda. Walikaa wanaitazama ile simu juu ya dumu la asali, mteja akaingia akataka nusu lita, Majidi akainuka kumpimia, na Xavery akabaki pale akiiangalia, mikono katikati ya magoti, hadi kioo chake kikazima.